Fungu la Bi Mwanjaa

Zaina mwanangu,

Baba yako ameshalifunga begi lako mara tatu tangu adhuhuri, na kila akilifunga anakumbuka kitu, analifungua tena. Sasa hivi nimemsikia akibishana na nafsi yake kuhusu shuka zito, eti kule Mpanda kuna baridi au hakuna. Mwache. Hiyo ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nimejitoa nikaja kukaa huku mbele, kwenye kaunta ya lile duka letu, kabla jua halijazama, nikuandikie mambo ambayo nikikutazama usoni sitayasema.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala uvae vizuri ofisini, wala usilale na njaa kwa uvivu wa kupika. Hayo umeyasikia tangu darasa la kwanza, huyafuati, na bado uko hai. Nataka kukueleza jinsi duka hili lilivyokufa, maana nilikudanganya.

Unalikumbuka lilivyokuwa? Leo rafu zimejaa magunia ya mahindi na panya wanafanya wanavyotaka, lakini nikiinamia mbao za kaunta bado nasikia harufu ya sabuni ya mche na mafuta ya taa. Pale kona ya kushoto ndipo ulipokuwa unakaa ukitoka madrasa, wewe na rafiki yako Tatu, miguu haifiki chini, mnakula karanga nilizowakataza. Mlidhani siwaoni. Nilikuwa nawaona vizuri sana, ila nilipenda kusikiliza mnavyotafuna polepole ili nisisikie. Ningepewa siku moja ya kurudi nyuma, ningechagua alasiri mojawapo ya zile, hata karanga ziishe zote.

Wiki iliyopita tulipokuwa tunakula, baba yako alikuuliza afisa mipango, hiyo kazi unayoiendea Mpanda, hasa anapanga nini. Ukacheka.

"Kwa kifupi, baba, ni kugawa. Halmashauri ina kata zenye mapato na kata ambazo hazina kitu, na wote wanavutana."

"Sasa wewe utagawaje?"

"Ningekuwa na uwezo ningegawa sawa kwa sawa. Kila kata ipate fungu lake. Hapo hakuna atakayenung'unika."

Mimi nikainuka, nikasema nasikia kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na kitu kinachoungua. Nilisimama kando ya mafiga nikajishika kiuno, kwa sababu maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi kwenye mkutano wa kijiji ulipokuwa darasa la saba, na hata ule mkono ulivyoukunjua uliposema "fungu lake" ulikuwa mkono wangu. Sijui uliyapata wapi, maana siku ile hukuwepo.

Acha nianzie Bungu, kule milimani, kwa kuwa huko ndiko nilikotoka na kiburi changu. Wewe umekwenda Bungu wakati wa likizo tu, ukala mahindi ya kuchoma, ukalala chini ya mablanketi mawili, ukarudi. Mimi nimekulia humo. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria, maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya jiko, na mama yangu anaweza kuchuma mboga bila kutoka uwanjani. Kule ukichomeka fimbo inaota, na sisi tuliamini inaota kwa sababu ya bidii yetu.

Nilipoolewa huku Sindeni nikashuka na masanduku mawili na mtaji wa maharage aliyonipa mama yangu. Mwezi wa kwanza tu, nilipoona mahindi ya watu yamekauka yakiwa urefu wa goti, nikamwambia baba yako kwamba Wazigua ni wavivu. Hakunigombeza. Alinichukua shambani kwa mama yake, akanipa jembe, akasema, "Lima mpaka adhuhuri, halafu useme tena." Saa nne nilikuwa nimekaa chini ya kichaka natafuta maji. Lakini kiburi hakikutoka siku ile. Kilijificha tu.

Duka lilipochangamka nikaanza zile Ijumaa zangu. Wewe unazipenda sana, najua. Uliziandikia insha darasa la sita, "Mama yangu ni mkarimu," na mwalimu akakupa alama zote. Bado ninayo, ipo kwenye droo hapa hapa chini ya mkono wangu. Kila Ijumaa baada ya swala, wale wasio na kitu walikuwa wanapita, na mimi namchotea huyu chumvi, yule nusu kilo ya unga, mwingine kipande cha sabuni. Wa kwanza siku zote alikuwa Bi Mwanjaa, bibi yake Tatu. Kiumri ni mama yangu kabisa, lakini alikuwa akija dukani anasimama pembeni, anasubiri wateja waishe, anapokea kwa mikono miwili na kuniombea dua ndefu. Na mimi nilikuwa naitikia amina na moyo wangu unatanuka.

Nilikuwa sijiulizi kwa nini Bi Mwanjaa haishi kuwa maskini. Sasa nakijua kisa chake kama ninavyokijua chumba changu. Mvua zikianza, hana chakula ndani. Kwa hiyo anakwenda kulima mashamba ya watu ili yeye na Tatu wale siku hiyo. Shamba lake mwenyewe analipanda wiki tatu baadaye, wenzake wakiwa wanapalilia. Jua likija linalikuta bado changa. Anavuna magunzi. Mwaka unaofuata mvua zinamkuta tena hana chakula ndani. Chumvi yangu ya Ijumaa haikuugusa mduara ule hata kidogo.

Kisha ikaja ile ruzuku ya serikali kwa kaya maskini. Mkutano ukaitwa, wakachaguliwa wachache kabisa, na Bi Mwanjaa hakupingwa na mtu. Fedha zilikuwa zinakuja kila baada ya muda, si nyingi. Nilisema moyoni, ngoja tuone watakavyozichezea. Na kweli, mzee mmoja alizinywa zote siku mbili, nikapata cha kusimulia wiki nzima. Bi Mwanjaa alinunua mitetea miwili na jogoo. Mvua zilipoanza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakwenda kwa mtu. Alilima lake. Alikuwa na unga ndani, basi akapanda na mvua ya kwanza.

Unakumbuka gulio lilivyokuwa miaka ile miwili ya ruzuku? Wewe na Tatu mlikuwa mnapotelea humo mpaka nawatumia mtu. Muuza dagaa aliyekuwa anakuja mara moja kwa mwezi akawa anakuja kila wiki. Fundi cherehani akaomba kukaa kwenye baraza yetu. Mjomba wako Rajabu, ambaye alikuwa akishuka kutoka Bungu na viroba viwili vya kabichi kwenye pikipiki, akaanza kukodi Kenta, amejaza kabichi, viazi na maharage, na jioni inarudi tupu. Kule Bungu alikuwa na vibarua watatu, wakafika saba. Akafyeka na lile tuta la juu lililokuwa pori tangu enzi za babu yangu. Mimi nikaongeza rafu mbili, nikaleta vitenge. Nilijisifu kwamba nina mkono wa biashara.

Rajabu alikuwa akimaliza kuuza anakula hapa, na chakula kikiwa mdomoni ananung'unika. "Dada, sisi kule juu tunatoka jasho, tunatozwa ushuru, tunatozwa kodi, halafu serikali inachukua inawapa watu wa bondeni wakae tu. Haki iko wapi?" Kenta yake tupu ipo mlangoni. Na mimi ninayemuongezea mchuzi naitikia, "Hakuna haki, kaka." Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza shingo kuitazama ile Kenta.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne. Bi Mwanjaa akaingia dukani, lakini safari hii hakusimama pembeni. Alikaa kwenye benchi, akaagiza sukari kilo mbili, mche mzima wa sabuni na madaftari ya Tatu, akalipa, akafunga furushi lake vizuri. Alipofika mlangoni akageuka. "Mama Zaina, ile ya Ijumaa usiniwekee tena. Mpe mwingine." Alisema kwa upole kabisa. Akaniombea na dua.

Nilitakiwa nifurahi. Badala yake niliumia, Zaina. Niliona kama nimenyang'anywa kitu changu. Ijumaa iliyofuata nilichota chumvi kwa hasira mpaka ikamwagika. Nilikuwa nimezoea kuwa mtoaji, na mtoaji akikosa wa kumpa anabaki mwenye duka tu, kama wenye maduka wengine. Hii ndiyo habari ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Wakati huo huo zile kaya ambazo hazikuchaguliwa zilikuwa zimeanza maneno. Kwa nini yule, kwa nini si mimi, mbona naye ana kuku. Ukaitishwa mkutano. Watu walibishana mpaka wakachoka, halafu mimi nikasimama. Unajua tunavyogawana nyama huku tukichangia ng'ombe: mafungu yanapangwa juu ya majani, mtu mmoja anageuza mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" na yule anataja jina bila kuona. Basi nikasema, "Ndugu zangu, nyama hatugombanii, kwa sababu tunagawana mafungu sawa. Kwa nini hii ruzuku tuigombanie? Wakishaondoka maofisa, fedha ziletwe uwanjani, kila nyumba ipate fungu lake, yaishe." Watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliniita mama wa kijiji. Nikamtafuta Bi Mwanjaa kwa macho, nikamwona amevuta kanga yake kichwani mpaka kwenye paji la uso.

Ikawa hivyo. Wasiostahili na wanaostahili, wote sawa. Tulifanya hivyo zaidi ya mwaka mmoja kabla maofisa hawajagundua na kutukataza, na hapo watu walikuwa wameshaona ni jambo la haki na la kiungwana.

Fungu letu la kwanza sisi nilikwenda nalo Korogwe, nikaongezea kidogo, nikanunua sahani za maua. Ndizo zile unazozipenda. Zimebaki mbili, na baba yako amekufungia moja katikati ya nguo ili isivunjike. Nilitaka kuitoa begini, nikaacha. Kula nayo, lakini ujue ilikotoka.

Mwanzoni nilidhani nimeshinda. Mwezi ule sukari na sabuni ziliuzika kuliko kawaida. Halafu pakawa kimya. Fungu la kila nyumba lilikuwa dogo mno kununua hata mtetea mmoja wa maana, kwa hiyo likaliwa. Wenye uwezo walifanya kama mimi, walilichanganya na fedha zao wakaenda nalo mjini. Bi Mwanjaa aliuza kuku wake mmoja mmoja. Mvua zilipokuja alirudi kulima mashamba ya watu, na lake likapandwa wiki tatu baadaye. Muuza dagaa akarudi kwenye mara moja kwa mwezi. Fundi akabeba cherehani yake.

Siku moja Rajabu alishusha kabichi, mpaka magharibi hajauza hata nusu. Nyingine aliwamwagia mbuzi wa Wamasai kando ya barabara. Akaja kukaa pale ulipokuwa unakaa wewe, akaniangalia.

"Dada, mmewafanya nini watu wa huku?"

"Kwa nini?"

"Wale bibi walikuwa wananunua kabichi kila gulio. Leo wananisalimia tu, onga mshi, wanapita." Akacheka kicheko kibaya. "Kumbe ule ushuru wangu ulikuwa unashuka huku, unarudi juu kununua kabichi zangu mwenyewe. Na mimi nilikuwa nautukana."

Nilimwelewa papo hapo, na nilijifanya sijamwelewa. Ile fedha iliyopitia mkononi mwa Bi Mwanjaa ilikuwa haitoki kijijini kabla haijaingia nyumba nne tano, na moja ya nyumba hizo ilikuwa duka langu. Nilikuwa nimekata tawi nililolikalia, tena kwa makofi. Vibarua wa Rajabu walirudi kuwa watatu, tuta la juu likaota magugu. Duka lilijikongoja miaka miwili hivi, nikalifunga. Wewe nilikuambia ni lami, kwamba barabara ilipokuwa nzuri watu wakaenda kununua Korogwe. Lami ilichangia, sikatai. Lakini wateja wangu mimi hawakuwa na nauli ya kwenda Korogwe.

Nataka niishie hapo, maana hapo bado naonekana mjinga tu. Lakini kuna Tatu.

Mlifaulu wote wawili mtihani wa darasa la saba. Mlikuja mnakimbia kutoka shuleni mmeshikana mikono, mkanikumbatia wote kwa pamoja mpaka kilemba kikaanguka. Wewe ulinunuliwa sare na sanduku. Bi Mwanjaa alikuwa ameshauza kuku wa mwisho. Mwezi uliofuata Tatu alipelekwa Kwamndolwa, huko Korogwe, kufanya kazi za ndani kwa watu, akaondoka alfajiri bila kukuaga, na wewe ulilia siku mbili ukisema amekuchukia. Nikakuambia, "Tatu hakupenda shule." Nilikuambia hivyo mimi, mama yako. Na uliamini, kwa sababu hukuwahi kunisikia nikidanganya.

Na Ijumaa ya wiki ile ile, baada ya swala, Bi Mwanjaa alikuja tena. Alisimama pembeni, akasubiri wateja waishe, akanyoosha mikono miwili. Nikamchotea chumvi. Mwanangu, nisamehe, nilifurahi kumwona.

Nilipokuja kushtuka na kujionea aibu, nikaenda upande wa pili kwa kishindo kile kile. Mwaka mmoja nilikuwa Bungu kumuuguza mama. Kijiji kilikuwa kimeamua wenye mashamba makubwa watoe mchango mzito kwa ajili ya wasiojiweza, na mwaka uliofuata wakauongeza, kisha wakauongeza tena. Rajabu analalamika, mimi namkaripia, "Toa, kaka! Umesahau kabichi zako?" Akaniambia, "Dada, sikatai kutoa. Ila wakinikamua hivi nitalima ya kula tu." Nikamwona mchoyo. Msimu ule akalima ya kula tu, na wale vibarua watatu waliobaki, ambao ndio walikuwa wasiojiweza wenyewe, wakakaa nyumbani wakisubiri mgawo. Na wale waliopewa chochote kule juu sikuona maisha yao yakibadilika kama nilivyoona huku. Kule shida haikuwa chakula cha kungojea mvua. Shida ilikuwa ile barabara ya kuteremkia, inayokatika masika viazi vikaozea ghalani. Fedha waliyokuwa wanakamuliwa kina Rajabu ingetengeneza hata kona mbili tu za barabara ile, maskini wa Bungu wangefaidi kuliko walivyofaidi.

Kwa hiyo usidhani nakuambia uwanyang'anye walio nacho, wala usidhani nakuambia uwaache. Sijui utagawaje huko Mpanda. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na vitabu vyako nimevipangusa vumbi tu. Ninachokijua ni kwamba nilipogawa sawa sikuwa nimemtazama mtu hata mmoja. Niligeuza mgongo kama tunavyofanya kwenye nyama, nikaona fahari kwa sababu siwaoni. Ukifika, kabla hujafungua hayo makaratasi, tembea kwenye kata zao wakati mvua zinaanza. Tazama nani analima la mwenzake, na lake limelala. Halafu jitazame na wewe, kama unagawa ili wao wasimame au ili wakupigie makofi. Mimi hilo la pili lilinichukua miaka kulikiri.

Leo baada ya swala ya alasiri nilikwenda kwa Bi Mwanjaa. Nilikuwa nimepita nje ya ua wake mara mbili, mara ya tatu nikabisha hodi. Unajua kwamba maofisa walipoturudisha kwenye utaratibu alipata tena haki yake, akaanza upya na kuku, polepole, kwa mgongo uliokwisha kupinda. Sasa banda lake ni kubwa kuliko jiko letu. Nilimkuta anawatupia pumba.

"Shikamoo, Bi Mwanjaa."

"Marahaba, mama Zaina. Leo mbona si Ijumaa?"

Nikamweleza yote. Ile Jumanne ya sukari, jinsi nilivyoumia, na kwamba siku niliposimama mkutanoni nikataja nyama na haki, ndani yangu nilitaka arudi kusimama pembeni ya kaunta. Aliendelea kutupa pumba mpaka bakuli likaisha.

"Ya mkutanoni naijua, nilikuwepo," akasema. "Hii ya moyoni ndiyo nilikuwa naingoja."

"Miaka yote hii?"

"Sasa ningekwenda wapi?" Akakung'uta bakuli. "Na ule mfano wako wa nyama ulinichekesha, ila siku ile sikuwa na nguvu ya kucheka. Nyama tunagawana sawa kwa kuwa ng'ombe tumemchangia sote. Ile ruzuku wenzangu mlichangia nini? Hata ukwato hamkutoa."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akanitazama muda mrefu, si kwa ukali.

"Mimi nilipoteza kuku," akasema, "na kuku hawa hapa. Hilo lako kamuulize Tatu."

Kisha akaniuliza kama nimekuja kununua chochote au maneno tu. Nikamwambia nataka mayai ya safari yako. Akataja bei. Kwa mazoea ya dukani nikamwomba apunguze, akasema bei ni hiyo hiyo kwa kila mtu, nikalipa. Ametandika pumba vizuri kwenye kikapu ili yasivunjike njiani. Nusu ni yako, nusu ni ya Tatu, nayachemsha usiku huu yote.

Kwa hiyo kesho alfajiri utaniona nimevaa baibui langu la kutokea, na baba yako atashangaa, maana tulikubaliana akusindikize yeye peke yake. Tatu ameahidi kufunga kidogo genge lake la mboga pale mjini aje stendi ya Korogwe kukuaga, na mimi nitakuwepo. Barua hii ninaiweka chini kabisa ya mkoba wako wa mkononi, chini ya kitambaa cha mayai, uifikie ukiwa umeshakwenda mbali. Basi likianza kutoka, utanitafuta dirishani usinione. Nitakuwa nimemshika Tatu mkono, sijui nikianza na neno gani.

Usiku ukifika salama utanipigia simu. Najua utataka kunieleza safari, na mimi nitataka kuisikia yote, vituo, watu uliokaa nao, ulichokula. Lakini kabla ya hayo niulize kwanza kama nimemwambia Tatu. Nikianza kukuzungusha kwa habari za hali ya hewa na magoti ya baba yako, ujue sijasema. Usinionee huruma. Niulize tena.

Mama yako